Walivyokuja Kunikemea Msituni

Leo nimekemewa kama pepo. Tena mbele ya mama mkwe.

Mdogo wangu Ezekia alifariki mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyesimamia msiba wote, kuanzia mbao za jeneza hadi wali wa waombolezaji, na sikutoa chozi. Watu wakanisifu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kubamiza milango. Leo asubuhi, hapa Makambako, nimemfokea binti yangu Neema kwa sababu amekohoa. Kukohoa tu. Mtoto akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

Mke wangu hakupandisha sauti. "Baba Neema, mtoto anakuogopa. Nenda kokote unakojua, ukamlilie mdogo wako. Ukimaliza, rudi."

Nikawasha pikipiki. Nilitaka mahali pasipo na mtu (mwanaume mzima, nikionekana nalia nitaweka wapi uso). Karibu na Uwemba, kijijini kwao mke wangu, kuna msitu wa mipaini. Nikaingia huko.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini. Ilionekana miti mitatu, kisha weupe. Hakuna ndege, hakuna upepo. Maji yalidondoka kutoka kwenye matawi tone moja moja, kama mtu anayenyemelea. Manyunyu yalipoanza, nikachukua kiroba cheupe cha mbolea nilichokuwa nacho kwenye pikipiki, nikajifunika kichwani.

Nikakaa kwenye kisiki nilie. Machozi yakakataa. Nikafikiria kaburi, hayakuja. (Hata kulia nimeshindwa.) Nikaona nianze na sauti, labda machozi yatafuata.

"Ezekiaaa."

Ukungu ukaitikia. Sauti nyembamba ya kilio, kutoka upande ambao sikuona kitu.

"Ezekia, ni wewe?"

Halafu kitu kikavunja matawi, kikienda mbio. Nami nikakimbia, sijui kuelekea wapi, nikajikwaa kwenye mzizi nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa, mbele yangu palikuwa na kikapu kimelala ubavu, uyoga umemwagika. Hapo nikaelewa. Walikuwa akina mama waliokuja kuchuma uyoga, na pepo ni mimi.

Nikaitafuta pikipiki karibu saa nzima, ukungu ukanirudisha pale pale kwenye kikapu. Nikaanza kuokota uyoga wa watu, angalau niwarudishie. Ndipo nikasikia kuimba. Wimbo wa maziko, polepole, na ukungu ule ulifanya utokee pande zote. Nilibaki nimepiga magoti, uyoga mkononi, nikisikiliza wakinikaribia. Kisha nyuso zikajitokeza, moja baada ya nyingine. Wanaume sita wenye mapanga. Mwinjilisti wa kijiji na Biblia yake. Nyuma yake, akina mama wa uyoga, na mama mkwe.

Nikasimama, kiroba kichwani, kikapu mkononi.

"Kamwene," nikawasalimu.

Mama mmoja akaitikia kwa mazoea. Mwenzake akamziba mdomo.

"Kwa jina la Yesu," mwinjilisti akasema, sauti ikimtetemeka, "taja jina lako."

"Baba Neema."

"Unataka nini hapa?"

"Nilikuja kulia."

Nikavua kiroba. Mama mkwe akanitazama, akafunika uso kwa khanga. "Huyu ni mkwe wangu," akasema, kama anayekiri kosa. (Shikamoo nilimpa. Hakuiitikia.)

"Unamlilia nani?" mwinjilisti akauliza, sasa kwa sauti ya kawaida.

Nikafungua mdomo niseme Ezekia. Jina halikutoka. Ndipo machozi yakaja, mbele ya mapanga sita, kamasi na yote. Nililia hadi nikakaa chini. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akaweka panga lake pembeni, akakaa karibu yangu, akanishika bega. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie:

"Hapa huwa unakuja siku zipi? Mimi mke wangu alifariki mwaka juzi."

Wamenisaidia kuipata pikipiki, nimerudi nyumbani macho yamevimba. Nimemwomba Neema msamaha. Ameniuliza kama nimeumwa na nyuki, akanipisha nafasi kwenye mkeka. Mke wangu hakuuliza kitu. Mama yake alikuwa ameshampigia simu mara tatu.

Wanaume wenzangu, yakiwazidi, lieni nyumbani. Msituni kuna watu.