Sentimita Moja na Nusu Yangu

Jumatatu, 10 Februari

Nimepoteza sentimita moja na nusu. Saa moja asubuhi nilikuwa nayo. Saa kumi na moja jioni, nikifunga duka, haikuwepo.

Ushahidi uko kwenye fremu ya mlango wa duka, mistari miwili ya penseli ya seremala. Wa asubuhi: 178. Wa jioni: 176.5. Tepu ni ile ile. Viatu nilivua mara zote mbili. Kichwa ni kile kile.

Nilikuwa na sababu nzuri ya kujipima. Jumamosi saa kumi jioni, kamati ya Akina Baba inapima wanaume kanisani, na aliye mrefu kuliko wote ndiye hubeba bendera kwenye maandamano ya Jumapili. Sheria ni ya mwenyekiti wetu, Mzee Oketch, tangu mwaka ule mtu mfupi alipopewa bendera na pindo lake likafagia maganda ya ndizi hadi madhabahuni. Mimi nimeibeba miaka tisa. Nilifika mji huu kutoka Ahero na ndoo moja, mafuriko yakiwa yamebeba vingine vyote. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa soko la Kibuye. Lakini hakuna mtu husimama barabarani kumtazama muuza misumari. Bendera wanaitazama. Na aliye chini yake.

Sasa kuna Absalom Wekesa. Duka lake linatazamana na langu. Misumari yake ni ile ile yangu. Mwaka jana akahamia kanisa letu pia. Urefu wake, kwa kinywa chake mwenyewe: 177.

Nimemuuliza kama amegusa fremu yangu. Akasema hapana, ila ameona nimejikunja kama ndoana ya samaki, na nikitaka ataniuzia kamba anifunge kwenye nguzo nikauke nimenyooka. Mwenye hatia huwa na mzaha mwingi.

Mgongo unauma. Sioni uhusiano.

Jumanne, 11 Februari

Mke wangu Selpha amenipeleka kliniki kwa ajili ya mgongo. Mimi nilienda kwa ajili ya sentimita.

Tumeonwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Caren. Aliuliza ninakaa vipi. Juu ya kreti ya soda, tangu kufungua hadi kufunga. Akauliza ninakunywa nini. Chai ya rangi, vikombe viwili. Na maji? Nikamfungulia hesabu: maji huleta choo, choo cha soko kiko mbali, na nikienda chooni wateja wanavuka kwa Absalom. Kwa hiyo sinywi. Selpha akamwambia dada huyo asishangae, mtu huyu hata machozi anayawekea bei.

Caren akaeleza. Katikati ya pingili za mgongo kuna visahani laini vyenye maji, kama sponji. Mchana uzito wa mwili unavikamua. Usiku ukilala, vinafyonza maji tena. Ndiyo maana kila mtu ni mfupi kidogo jioni kuliko asubuhi. Nikamwambia sikuja kuuliza habari za kila mtu.

Aliendelea kwamba mwili ukiwa mkavu, visahani havina maji ya kufyonza. Ninywe glasi nane, kidogo kidogo, siku nzima. Niinuke kwenye kreti kila nusu saa, nitembee. Na maji peke yake hayatibu mgongo, wala nisiyabugie yote kwa mpigo, ni hatari. Alisema mengine pia, lakini nilikuwa tayari napiga hesabu.

Glasi nane zikirudisha sentimita moja na nusu, glasi thelathini na mbili ni sentimita sita. 178 na 6 ni 184. Kufika Pasaka nitahitaji mlango mpya. Bahati nzuri, milango nauza mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Wazo la alfajiri. Kama maji yanarefusha, ukavu unafupisha. Na ukavu unaletwa na chumvi.

Nimemwomba Selpha anikaangie njugu. Alipogeuka nikaongeza chumvi vijiko vitatu. Nikavuka barabara na kumkabidhi Absalom, bakuli zima, kwa tabasamu.

Aliguswa sana. Akasema tangu aje kutoka Bungoma hakuna jirani amewahi kumletea kitu sokoni. Akaniita ndugu. Akala zote mbele yangu, akinisifu.

Nikarudi kwenye kreti kumtazama akifupika.

Alhamisi, 13 Februari

Mambo hayakwenda nilivyopanga.

Absalom ana kiu. Sikufikiria kwamba mtu mwenye kiu hunywa. Ameweka mtungi wa lita ishirini mlangoni na kikombe cha bluu juu yake, na tangu jana anakunywa kikombe baada ya kikombe. Kila nusu saa anakwenda chooni, kifua mbele, akiwasalimia watu njia nzima. Anaokutana nao njiani wanamfuata dukani. Leo ameuza mabati mawili kwa mtu aliyemkuta kwenye foleni ya choo.

Jioni amevuka kuja kuniambia kwamba mgongo wake, uliomsumbua tangu enzi za kubeba simenti, leo umenyamaza kabisa. Akauliza kama njugu zimebaki.

Nilipomsimulia Selpha alicheka hadi akaketi. Akasema, kumbe Caren alipata mwanafunzi mmoja, na hakuwa yule aliyeenda kliniki.

Mimi pia nimejaribu hayo maji ya kidogo kidogo. Glasi tatu asubuhi. Nikatoka mara mbili, nikapoteza mteja wa rangi. Basi. Maji ni kama zege: unamwaga yote kwa pamoja siku ya kazi. Nitakunywa Jumamosi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kwa Mzee Oketch kuomba kipimo kiwe asubuhi. Akataka sababu. Nikasema jua la mchana hutanua tepu za chuma. Akasema asubuhi kuna mazishi, na saa kumi ni saa kumi. Halafu akaniwekea mkono begani: "Amolo, kama wewe ni mrefu asubuhi, si utakuwa mrefu hata jioni?"

Hapo ndipo unaona pengo la elimu.

Mpango wa pili basi. Visahani hukamuliwa mtu akisimama. Kwa hiyo sitasimama. Nitalala kutoka usiku wa leo hadi tepu itakapogusa kichwa changu. Waswa wa mkokoteni amekubali kunisukuma kutoka nyumbani Kaloleni hadi kanisani nikiwa chali. Nimemkataza njia ya mkato, ina mashimo, na kila shimo ni milimita. Apitie lami, sokoni.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nikiwa nimelala ubavu, na si kwa hiari.

Nilianza kunywa kukicha, kwa mrija, kitandani. Kwenye lita ya tatu Selpha akaficha mtungi na kusema hatakuwa mjane kwa sababu ya fimbo ya bendera. Chooni sikwenda. Ningesimama, na kusimama ni hasara. Selpha aliniletea beseni. Nikalikataa, nikamkumbusha kwamba mimi ni mwanakamati.

Saa tisa Waswa akafika. Wakanibeba yeye na Selpha na kunilaza kwenye mbao. Jua lilikuwa kali, nikajifunika shuka jeupe hadi juu ya uso. Hilo ndilo kosa lililofanya kazi yote. Selpha alibaki kutafuta viatu vyangu.

Tulipofika Kibuye, mama mmoja muuza dagaa wa omena alimuuliza Waswa amembeba nani. Waswa alikuwa anahema. Akasema: "Ni Amolo. Tunampeleka kanisani."

Yule mama akapiga unyende mmoja ambao nadhani hata mitumbwi ya Dunga, kule ziwani, iliusikia.

Ningeweza kuketi na kueleza. Lakini kuketi ndiko kunakokamua visahani kuliko vyote. Nikanyamaza. Miguu ikaanza kuongezeka nyuma ya mkokoteni. Nikasikia watu wakisema nilikuwa mtu wa bei nzuri, jambo ambalo hawakuwahi kulisema nikiwauzia. Mmoja alisema nilikuwa mrefu. Hilo lilinifariji.

Kisha nikasikia Absalom. Ameacha duka wazi na kuja mbio. Analia kweli, kamasi na yote, akisema Jumatano tu nilimletea njugu. Zilikuwa na chumvi nyingi, lakini zilitoka moyoni. Kanisani akamwambia Mzee Oketch hakuna haja ya kupima mtu. Yeye hataki bendera. Wamfunike nayo Amolo.

Nilikuwa nimeshinda. Kilichobaki ni kuwa marehemu hadi kamati ifunge kikao, basi.

Mzee Oketch akaanza kuomba. Alianzia kwa Adamu. Wakati huo lita tatu nazo zilikuwa zinaomba. Nilishikilia. Tumefika kwa Nuhu na gharika, na huko nyuma mtu mmoja akafungua bomba ajaze jagi.

Niliruka.

Sikuangalia nani alikimbilia wapi. Njia ya choo ilijisafisha yenyewe. Mama wa omena aliacha beseni lake kwenye maua ya kanisa. Waswa, ambaye alijua vizuri kwamba niko hai, ndiye aliyekimbia kuliko wote.

Niliporudi, mgongo ulikuwa umekwama. Kule kuruka kuliushika nikiwa nimeinama, na haukukubali kurudi. Mzee Oketch ni mtu wa sheria. Akasema, maadamu mgombea amefufuka, kipimo kiendelee, na kila mtu apimwe alivyo. Absalom alisihi nipewe muda ninyooke. Alisihi mara mbili. Kwa nini hasa anisihie? Dharau.

Absalom: 177, saa kumi na nusu jioni. Mimi: 163.

Selpha alifika na viatu.

Jumapili, 16 Februari

Absalom amebeba bendera. Haikugusa vumbi hata mara moja. Kwenye mfuko wa nyuma alikuwa na chupa ya maji, na kwenye kona alikuwa anakunywa mafunda mawili kisha anaendelea, mgongo kama nguzo ya stima. Watu walisimama kutazama.

Mimi nilikuwa pembeni na fimbo ya babu yake Selpha. Absalom aliponifikia alisimamisha maandamano yote. Akasema upepo umezidi, anahitaji mtu anayeijua hii bendera amshikie kamba ya upande. Nikamwambia nitaishika kwa sababu ya upepo tu.

Niliishika hadi madhabahuni. Selpha anasema nilipendeza. Mama wa omena alinigusa mkono kuhakikisha.

Lakini kamba si bendera.

Jumatatu, 17 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi, fremu ya mlango: 178. Imerudi yote. Mgongo unauma nikigeuka kushoto, lakini umenyooka.

Nimefikiria sana na nimeelewa somo. Kosa lilikuwa maji. Nisingeyanywa nisingeruka, na nisingeruka ningekuwa na 178 yangu mkokotenini hadi sasa. Nimerudi kwenye chai ya rangi. Kikombe cha pili nimekunywa hapa kwenye kreti. Selpha alinifungia chupa kubwa ya maji na kusema akirudi saa sita aikute tupu. Ataikuta tupu. Maji nimemuuzia Absalom.

Barua kwa Mzee Oketch imeshaondoka, Waswa ameipeleka. Naweka nakala hapa:

"Mwenyekiti, kipimo cha Jumamosi nakipinga. Mlipima mtu mgonjwa aliyetoka kuombolezwa. Nipimwe upya leo, asubuhi hii hii, na kuanzia mwaka ujao kipimo kiwe saa kumi na mbili alfajiri. Usiniambie kamati itakaa. Usiniambie tuombe kwanza. Ni ndiyo au hapana, na jibu linifikie kabla ya saa nne, kwa maana kila dakika unayochelewa mimi nazidi kuwa mfupi."