Nafasi ya Tatu Kabla ya Mechi ya Kwanza

Mheshimiwa Meya wa Pickett Ferry na mheshimiwa mkewe. Mheshimiwa Meya aliyepita, ambaye naona ameketi mbali kabisa na mheshimiwa wa sasa. Rais wa Chuo, ambaye ametuma udhuru. Makamu wake, ambaye ametuma udhuru wa Rais na mwingine wa kwake. Mchungaji wa Kanisa la Baptisti la Kwanza na Mchungaji wa Kanisa la Baptisti la Pili, ambao leo wamekaa safu moja kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi wa kinanda. Wafadhili wa daraja la dhahabu, wafadhili wa daraja la fedha, nanyi wengine wa daraja la nyasi. Mabibi na mabwana, nyote mnaobeba jina la timu yetu, Kambare wa zamani, Kambare wa sasa na Kambare watarajiwa: itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemsahau, basi ajue kwamba itifaki haikumhusu.

(Makofi. Mtu anafungua kopo la bia chini ya kiti chake na kukohoa ili isisikike.)

Nasimama mbele yenu kwenye uwanja huu, katika joto hili la Agosti ambalo ofisi yangu imelifanyia tathmini na kubaini kuwa ni la juu, mimi, Daktari Garland Thigpen, udaktari wa heshima lakini heshima ni heshima, Mkurugenzi wa Michezo, Matarajio na Uhusiano na Wadau, kuwasilisha kwenu Maoni Rasmi ya Kabla ya Msimu, yaani orodha ya timu bora kabla mpira haujaguswa, yaliyoandaliwa kwa mchakato shirikishi, wa wazi na wa kisayansi, ambao kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo la Alabama umekiweka chuo chetu kidogo katika nafasi ya tatu nchini. Ya tatu, ndugu zangu, kati ya vyuo vyote vinavyocheza mpira wa Kimarekani kutoka bahari hii hadi bahari ile!

(Vigelegele. Kengele za ng'ombe zinapigwa. Sauti ya Hoyt Sizemore, kinyozi: "Nani kapiga kura hiyo, Garland?")

Nashukuru kwa swali la Bwana Sizemore, ingawa sijui kwa nini anauliza, maana mmoja wa wapiga kura alikuwa yeye.

(Hoyt: "Uliniuliza nani mzuri nikiwa nakunyoa. Nikasema sisi, ili utulie nisikukate sikio.")

Na hiyo ndiyo sauti ya mtaalamu, isiyo na shinikizo. Wapiga kura walikuwa watatu: Bwana Sizemore, shemeji yangu, na mimi kama mwenyekiti. Waandishi wa magazeti ya mijini nao wana kura yao, lakini wale ni watu wanaokaa ofisini wakila saladi na kuandika kuhusu vijana ambao hawajawahi kuwaona wakitoka jasho, na hawatofautishi mrushaji mpira na muuza karanga za kuchemsha. Majirani zetu wa Loomis, wale wanaojiita Nguruwe Pori, wamewekwa na magazeti hayo katika kumi bora. Sisi tumewaweka wa arobaini na moja, na ni kwa sababu karatasi iliishia hapo. Eti mrushaji wao ana mkono wa dhahabu. Nimemwona huyo kijana, na naweza kuthibitisha kwamba mkono anao. Chuo cha Bascomb nao wanasifiwa kwa uzito wa safu yao ya ulinzi. Utafiti wetu unaonyesha asilimia tisini ya uzito huo ni biskuti na mchuzi.

(Kicheko kikubwa. Mama mmoja aliyevaa jezi ya kijani hacheki. Ni Bi Verlene Odom. Anasimama: "Mechi ya kwanza ni lini, Daktari?")

Swali zuri sana, Bi Verlene, na litajibiwa mahali pake. Nafurahi umesimama, maana nilikuwa nakuja kwako. Mabibi na mabwana, huyu ndiye mzazi wa Tavian Odom, mzuiaji wetu wa katikati, yule anayeinama na kuanzisha kila mchezo huku jitu la upande wa pili likimpumulia usoni. Huu ni mwaka wake wa nne, na kwa kanuni ndio wa mwisho kuvaa jezi. Januari, vyuo vitatu vikubwa vilimtaka. Nani alikwenda kumzuia? Mimi. Nilikaa barazani kwa Bi Verlene, nikala pai ya pichi vipande viwili, nikamtazama mama huyu machoni na kumwahidi kwamba mwanawe akibaki, nchi nzima itamwona msimu huu. Iliyobaki nikaondoka nayo pamoja na bakuli lake, kama ishara ya ushirikiano endelevu. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kuogopa madeni. Tavian, simama watu wakuone.

(Tavian Odom anasimama. Amekuja na kofia yake ya chuma ya kuchezea. Makofi yanadumu, na Bi Verlene anayangoja yaishe.)

(Bi Verlene: "Uliniahidi, ndiyo. Kisha wenzake Tavian wakaanza kuondoka mmoja mmoja, ukamwambia wapya wanakuja Agosti. Leo ni Agosti. Mtoto amekimbia peke yake uwanjani hapa kiangazi chote. Nataka tu kujua atacheza na nani.")

Kwa mtazamo wa kimkakati, Bi Verlene, neno "nani" ni finyu.

(Hoyt: "Na nguzo za magoli ziko wapi?")

Zimepelekwa kupakwa rangi. Naomba tusiyumbishwe na nguzo. Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka jana, mnakumbuka, maoni yetu ya Agosti yalituweka nafasi ya kumi na moja. Mji ulifurahi, bendera zilipepea, hata Wabaptisti, ambao hawana maji ya baraka, waliyaazima kwa Wakatoliki kwa chupa. Kisha nini kikatokea? Mechi zikaanza! Kufikia Oktoba tulikuwa tumepigwa na Loomis, tukapigwa na Bascomb, tukapigwa na chuo cha mifugo ambacho kilikuja kwa lori. Ofisi yangu ikakaa, ikafanya warsha ya siku tatu kwenye hoteli ya pwani, ikabaini jambo ambalo wataalamu wote wa mchezo huu wamelikwepa: kwamba adui mkubwa wa nafasi ya timu si Loomis wala Bascomb. Ni mechi. Maoni ya Agosti ni safi, yana matumaini, hayaumii goti. Mechi huja na kuyachafua.

(Mtoto mmoja anaomba chai ya barafu, ananyamazishwa.)

Kwa hiyo, kwa ujasiri ambao historia itaukumbuka, tumeilinda nafasi ya tatu dhidi ya hatari zote. Naomba mniitikie kaulimbiu yetu ya msimu. Kambare! Tutafungwa?

(Wachache, kwa sauti ya chini: "Hatufungwi.")

Na Loomis?

("Hatufungwi.")

Na yeyote yule?

(Tavian ameketi. Hakuna anayeitikia.)

Ahsanteni. Na sasa, kwa kuhitimisha, shukrani. Nalishukuru Baraza la Chuo, lililofuta timu ya mpira tangu Novemba iliyopita, katika kikao kifupi chenye tija ambacho mimi nilikuwa katibu. Nawashukuru majirani wa Loomis, waliompokea kocha wetu, mrushaji wetu, vijana wetu wote, basi, na nguzo za magoli, ambazo kusema kweli hazikwenda kupakwa rangi. Nawashukuru wafadhili, ambao wasingelitoa kitu bila uso wa kuweka kwenye bango. Na kwa hilo namshukuru zaidi Tavian Odom, uso wetu. Mlango wa wachezaji kuhama chuo ulifungwa mwezi Mei, hivyo tuna hakika tutakuwa naye msimu mzima.

(Watu wanakunja viti walivyokuja navyo. Wachungaji wawili wanatazama viatu. Tavian anaiweka kofia ya chuma kwenye nyasi, mahali palipokuwa na nguzo, anakwenda kumbebea mama yake kiti. Bi Verlene hampi. Anakuja nacho mwenyewe hadi mbele ya jukwaa.)

(Bi Verlene: "Novemba. Na wewe ulikaa barazani kwangu Januari.")

Kwa kumbukumbu zetu, ndiyo.

(Bi Verlene: "Bakuli langu. Lilikuwa la mama yangu. Huku kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, unajua hilo, umezaliwa hapa. Lakini wewe nirudishie hivyo hivyo tupu. Usitie kitu. Na usililete mwenyewe.")

Ombi hilo limepokelewa, Bi Verlene, na litaundiwa kamati ndogo. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wa nyuma huko, mkitoka naomba mniachie hata viti viwili vitatu, mpiga picha bado hajafika.