Masikio ya Shangazi

Brightson alipomwona Monica akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti pale Mtoni, alijua chakula cha wiki kimepatikana.

"Shikamoo mama. Hilo sikio limeziba."

Haya, tuuone huo udaktari wake: koti jeupe la mtumba, glavu, na mshumaa wenye tundu katikati, alioukunja mwenyewe chumbani kwa kitambaa na nta. Unalala ubavu, mshumaa unachomekwa sikioni, unawashwa. Ukikaribia kuisha anakipasua kipande kilichobaki, na ndani kuna ungaunga wa njano. "Uchafu wako huo mama, wa miaka ishirini!" Yalikuwa masalia ya mshumaa wenyewe, lakini watu wa mjini hawa, mradi waonyeshwe uchafu, wameridhika. Monica alirudi nyumbani sikio limeungua, bado zito, na yeye anachekelea.

"Nesi wa zahanati si alikumulika, akasema udondoshe matone ya kulainisha, kisha akusafishe kwa maji ya uvuguvugu?" alifoka mumewe Gregori, mchonga vinyago. "Moto tena? Utatoboka ngoma ya sikio!"

"Nesi kanionyesha nini? Dokta kanionyesha. Jumamosi anakuja kumalizia la pili."

Jamani, kuna watu akili wanaazimaga!  Gregori alirudi kwenye gogo lake la mpingo.

Jumamosi Brightson aliingia kwa madaha, majirani wakimfuata kushuhudia.

"Dokta, anza na shangazi yangu," Gregori alimwambia kwa unyenyekevu. "Kafika jana kutoka Newala, hasikii kabisa. Ila ana haya, hajifunui mbele ya wanaume."

Monica akafungua mdomo. Shangazi gani tena? Gregori akamkanyaga mguu.

Chumbani pazia lilikuwa limeshushwa. Kitandani kulikuwa na mtu kafunikwa khanga gubigubi, sikio moja tu nje, jeusi, linang'aa mafuta. Brightson masikio ya watu yalimtia kinyaa. Alichomeka mshumaa, akauwasha, akatazama pembeni.

"Bibi, unajisikiaje?"

Kimya.

"Kalala. Dalili nzuri sana hiyo." Akakipasua kipande. "Oneni wenyewe! Uchafu wa miaka sitini! Na sikio la pili lina mdudu, namsikia anavyotambaa."

"Basi tumgeuze," alisema Gregori, akaivuta khanga.

Kichwa cha mpingo kikabiringika hadi miguuni pa Brightson. Kitandani ikabaki mito mitatu.

"Dokta," aliuliza jirani yao Farida, "na yule mdudu je?"

Brightson alitoka mbio, koti likanasa kwenye komeo, akaliacha hapo hapo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Monica hakucheka. Aliinama, akaiona nta ya moto ilivyodondokea ndani ya sikio la mti na kuganda, akashika sikio lake mwenyewe.

"Kumbe mie mjinga kiasi hiki!"

Kesho yake alianza matone. Siku ya sita nesi akamsafisha, likatoka bonge. Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza kukisikia vizuri kilikuwa sauti ya Gregori kibarazani, akiwasimulia wateja habari za shangazi, na kila akirudia, mkewe anazidi kuwa mjinga.

Monica aligeuza njia, akarudi zahanati.

"Nesi," aliuliza, "lile bonge umeshalitupa? Kuna mdomo nataka kuuziba nalo."