Mkanda Usiojulikana Mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa damu inanichemka. Mimi katibu wa baraza la usuluhishi sina raha tangu yule dada mchora mabango alipoachiwa ukuta wa soko. Tulidhani atachora nyanya na vitunguu. Amechora migongo ya wanawake, na kando ya kila mgongo amepigilia msumari akatundika kitu chenyewe kilichoupiga: mwiko, kandambili, waya wa pasi, mkanda. Jina hakuandika hata moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta ni wa umma. Ya chumbani si ya umma. Barazani tuna utaratibu. Mke analeta shauri, tunamuuliza alimjibu nini mumewe, tunamkumbusha kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, anarudi kwake, faili linafungwa. Wengine wameshakuja mara nyingi, ishara kwamba wanatuamini.

2. Biashara zinakufa. Muuza mkaa alikwisha kumweleza kila mteja kuwa mkewe aliteleza bafuni. Sasa wateja wanautazama mwiko, wanamtazama yeye, wanakwenda kununua kwingine. Mtu ataishije?

3. Mkanda. Hapa naomba unisome kwa utulivu. Ni mkanda wa kahawia, wa kawaida kabisa, wala sijapata kuuona maishani mwangu. Lakini mama muuza dagaa aliniuliza mbele za watu kwa nini siku hizi suruali naifunga kwa kamba. Walicheka mpaka wakaegemea meza. Kamba ni uamuzi wangu binafsi.

4. Wanawake wanasimama pale. Hawanunui, hawasemi, wanasimama tu. Juzi mama watoto, aliyehamia kwa dada yake bila ruhusa yangu, alisimama mbele ya ule mgongo wenye alama ya chuma cha mkanda, akauwekea kiganja. Alipotoka hapo akaja moja kwa moja barazani kunishtaki. Mimi! Sanaa gani hiyo inayowapa watu miguu?

Kwa hiyo naomba ukuta upakwe chokaa kabla ya Ijumaa. Na tafadhali asiniambie mtu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya hospitali.

Nisalimie shemeji, watoto, mlinzi wa soko, na hata huyo mchoraji, maana sisi si watu wa chuki.

Ni mimi mpenda amani wako,
Katibu, Baraza la Usuluhishi

Tanbihi: Chokaa isije ikaumwagikia mkanda. Uteremsheni kwanza, mniletee. Ni ule wenye tundu la ziada nililolitoboa mwenyewe kwa msumari. Ijumaa ninaketi kusikiliza shauri la mama watoto, na siwezi kutoa haki huku nimeshikilia suruali.