Mayai Yangu ya Malimbuko

Jamani, leo aibu imenikuta nikiwa nimevaa tai.

Naandika nikiwa nyuma ya jiko, hapa kwangu Nakwa, kwa sababu sebuleni kuna baba mkwe na kila akiniona anacheka upya. Nitaeleza kwa mpangilio, maana najua hadi sasa hivi habari imeshafika Bonga ikiwa imeongezwa chumvi.

Mlioko kwenye kundi hili mnayakumbuka yale masanduku yangu ya kutagia kuku. (Mnayakumbuka kwa sababu nilituma picha asubuhi, mchana na jioni, mpaka mmoja wenu akaomba kutoka.) Kuku wetu walikuwa wanataga popote: kwenye pumba, chini ya gari la jirani, mara moja juu ya suti yangu iliyokunjwa. Nikasema hapana. Mimi kazi yangu ni kupima viwanja, siwezi kuishi na wakazi wasio na makazi rasmi.

Nikampima kila kuku kwa futi kamba akiwa amelala. Nikapiga mbao masanduku yanayolingana, kila kuku na chumba chake, nikaweka paa la mteremko ili wasilale juu, nikatandika sponji la godoro la zamani, juu yake majani makavu. Nikapaka rangi ya bluu. Nikaandika namba kila mlango. Nikamalizia na pazia jeupe la maua.

Mama Eli, mke wangu, akaja akasimama mikono kiunoni.

"Baba Eli, chumba chetu kina pazia?"

"Tutaweka."

"Kuku wanalo."

Kwa ajili ya masanduku hayo alikuwa amenipa kona yake ya kuni, ile kavu, isiyoingia mvua. Kuni zake zikahamia nje, zikarundikwa nyuma ya jiko. Kwa hiyo akatoa sharti: "Jumapili ikifika hakuna yai humo ndani, hizo mbao ni kuni. Nitapikia wageni."

Wiki nzima kuku walipita mbele ya masanduku wakiyatazama kama watu wanaotazama benki. Hakuna aliyeingia. Kishingo, yule mtetea asiye na manyoya shingoni, alichungulia chumba namba moja, akaniangalia, akaenda kutagia kwenye toroli.

Jana, Jumamosi, baba mkwe akafika kutoka Mbulu. Mzee Gwandu. Nikampa shikamoo, akaitika, kisha akaonyesha kwa fimbo.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya kuku, baba."

"Wanalipa kodi?"

Hapo nikaona lazima nifanye jambo. Wafugaji wote wanajua kwamba kuku akikuta yai mahali, anaamini ni pa kutagia. Lakini ukiweka yai halisi litaoza. Nikaenda kwa jirani yangu Yakobo, fundi dari, ambaye pia anaimba sauti ya tatu kwayani, nikamwomba unga wa jipsamu wa kupiga dari uliobaki kazini. Akauliza wa nini. Nikasema naziba ufa. (Huo ndio uongo wenyewe. Shikeni hapo.)

Nikatoboa mayai kidogo, nikamwaga vya ndani, nikakaanga na kula peke yangu ili kupoteza ushahidi. Nikajaza jipsamu iliyokorogwa kwa maji, nikaziba tundu, nikasugua kwa msasa. Jamani, yalipendeza! Hata mama yao asingeyatambua. Giza lilipoingia nikayapanga vyumbani. Nilipanga kumwambia Mama Eli asubuhi.

Asubuhi nikasahau. Niliwahi mazoezi ya kwaya, mimi naimba besi.

Sasa, kwa wasiojua usharika wetu: asiye na noti huleta alichonacho. Mahindi, ndizi, maziwa, kuku. Baada ya ibada tunatoka nje, vinanadiwa hapo mbele ya ngazi, na anayenunua mara nyingi humzawadia mtu mwingine.

Wakati wa sadaka nikamwona Mama Eli akija mbele na kikapu kilichofunikwa kitambaa kipya. Anang'aa. Akanipita pale kwaya akaninong'oneza:

"Wametaga! Kila chumba! Nimeleta malimbuko. Na nisamehe, mume wangu."

Nikakosa noti. Mwalimu wa kwaya akanitazama. Besi yote ilikuwa mimi.

Nilisali ibada imalizike. Kisha nikasali isimalizike.

Tukatoka nje. Mnadi wetu, mzee wa kanisa Daudi, aliuza ndizi, akauza jogoo, halafu akainua kikapu changu.

"Wapendwa! Haya si mayai ya hivi hivi! Ni ya kuku wanaolala nyuma ya pazia! Nani hajaziona picha?"

Watu wote wakacheka. (Wote wameziona.)

Akachukua moja, akalipima mkononi. "Na uzito wake! Hili limeshiba! Nani anaanza?"

"Mimi!" nikapiga kelele.

Mama Eli akageuka. "Unanunua mayai yako?"

"Ni kumtolea Mungu mara mbili," nikasema. Watu wakapiga makofi. Nikaanza kupumua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, nzito, ya mlimani: "Naongeza."

Baba mkwe.

Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena, jasho likinitoka na upepo wa mlima Kwaraa ukivuma. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Haa! Anashindana na mkwewe!" Mwingine akasema, "Mbele ya Mchungaji!" Mama Eli akanikanyaga mguu. Kuna mambo mwanaume hafanyi, na kumshinda baba mkwe kwenye mnada, mbele ya binti yake, ni mojawapo. Nikanyamaza.

Mzee akapokea kikapu, akakohoa. "Mimi nimefurahi na mkwe wangu. Nilidhani ana maneno mengi tu. Kumbe kazi yake inazaa. Haya mayai namzawadia Mchungaji, akanywee chai."

Vigelegele! Mama Mchungaji akaja akicheza kupokea, Mzee Daudi naye akamsindikiza akicheza, na katika kucheza huko yai moja likaruka kutoka kikapuni.

"Mamaaa!" watu wakapiga kelele.

Ko!

Halikupasuka. Likadunda kwenye ngazi ya kwanza, ko, ya pili, ko, likafika chini, likabingirika katikati ya viatu vya watu hadi kwenye changu. Likatulia hapo kama mbwa aliyemwona mwenye mali.

Mtu akasema, "Haleluya." Mwingine akasema, "Limechemshwa hilo." Wa tatu akasema la kuchemshwa nalo hupasuka, na ubishi ukaanza.

Baba mkwe akaliokota, akaliweka juu ya ngazi, akaligonga kwa kichwa cha fimbo. Ganda likatoka. Ndani, peupe. Akagonga tena. Unga.

Yakobo, ndugu yangu wa sauti ya tatu, akasogea, akalinusa.

"Hii si jipsamu yangu? Baba Eli, si ulisema unaziba ufa?"

Usharika mzima ukanigeukia. Sikuwa na pa kukimbilia, nimevaa joho la kwaya juu ya tai. Nikaeleza yote, toka futi kamba mpaka msasa. Nilipofika kwenye kula mayai peke yangu, Mama Eli akaficha uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Baba mkwe hakucheka wakati huo. Alipangusa unga kwenye fimbo.

"Mimi nilikupa binti mzima," akasema. "Wewe unanipa dari?"

Hapo hata Mchungaji akashindwa, akakaa kwenye ngazi. Alipopata pumzi akasema sadaka ni moyo, "ila moyo huu ni mgumu kidogo." Kwa kuokoa nilichoweza, nikaahidi papo hapo: jioni nitamletea Mchungaji kuku wangu Kishingo, mzima, anayetaga kweli.

Tukarudi nyumbani. Mama Eli akavua kilemba, akabeba masanduku moja baada ya jingine, akayatupa kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko. Pazia likachanika. Sanduku namba moja likaangukia ubavu, mlango ukiutazama ukuta, giza tupu. Nikakaa hapa kusubiri mbao zangu ziivishe ugali wa wageni.

Kishingo akaja. Akazunguka rundo. Akajipenyeza katikati ya ukuta na sanduku, akaingia namba moja, akatulia. Baadaye nikasikia akitangaza. Nikaingiza mkono: yai, la moto. Nikaligonga kwa ukucha. Nikaligonga tena. La kweli!

Nikamwita Mama Eli. Akachungulia, akamwangalia kuku, akaniangalia mimi.

"Kumbe alikuwa anataka asitazamwe tu," akasema. "Sasa huyu si ndiye wa Mchungaji?"

Ndiye.

"Basi mpeleke na nyumba yake. Hizi zingine zinatosha ugali."

Hivyo jioni hii, mtakaoniona barabarani na kuku kwapani na sanduku la bluu kichwani, mnisalimie tu mpite. Picha msipige, nimeshatuma za kutosha.