Raia wa Pipa la Kwanza

Jumatatu, 2 Machi
Vifaranga wa samaki wametotolewa tangini. Wembamba kama kope. Alhamisi watafungua midomo, na midomo yenyewe ni midogo hivi kwamba punje ya chumvi kwao ni tonge. Wataweza kumeza raia wangu tu, yaani vijidudu vya majini ninavyofuga katika pipa la kwanza. Pipa la pili ni la shemeji, mke wa kaka. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Hadubini kwa sababu haamini kitu asichokikuza, ametangaza kwamba mwenye pipa lililostawi ndiye atakayewalisha, na atakabidhiwa ufunguo wa chumba. Chumba hiki! Mwanga wa kijani, pampu ya hewa inakoroma, mapovu yanapanda bila haraka. Nimeshajiona na ufunguo shingoni.

Jumanne, 3 Machi
Bi Hadubini anasema chakula cha raia ni hamira, kijiko kimoja kwa siku, basi. Huyo hajawahi kuwa na raia. Nimetia vinne. Kisha nikakaa juu ya ndoo nikawatazama. Nililala? Hapana. Nilielea. Walikuwa wakinipungia. Shemeji akaniuliza kama nimehamia humo pipani, maana kilichobaki kwenye ndoo ni shati tu. Akaniambia pia nioshe chujio langu, lina utelezi kama njia ya konokono. Silioshi! Utelezi ule ni bahati ya miezi mitatu.

Jumatano, 4 Machi
Ushindi! Maji yamekuwa meupe kama maziwa, ukitia mkono hauuoni. Raia wamejaa mpaka wanasukumana. Wametoa povu. Wametoa na harufu, lakini umati wowote hunuka. Pipa la shemeji? Maji angavu, vijidoa vinarukaruka kama vumbi kwenye mwale wa jua. Nikamhurumia. Alipokwenda kunywa chai nikachovya chujio langu pipani mwake, nikachota kidogo. Si wizi. Ni uhamiaji.

Alhamisi, 5 Machi
Siku ya midomo. Bi Hadubini akaweka tone langu chini ya hadubini. Akatazama. Akafuta kioo. Akatazama tena. Nikanyoosha shingo kwa ajili ya ufunguo. Akasema raia hakuna. Weupe ule ni bakteria: wameshiba hamira niliyozidisha, wakazaana, wakamaliza hewa, na raia wangu wamekufa tangu jana. Nikauliza la shemeji je. Nalo limeanza kuwa jeupe! Akataka kujua ni chujio la nani lenye utelezi lililopita humo. Shemeji alinitazama tu, vile anavyomtazama kaka akimaliza sukari.

Tangini, vifaranga wakafungua midomo. Maelfu. Walining'inia majini kimya, wakimeza maji matupu. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Sikuinywa.

Ijumaa, 6 Machi
Wamekula! Shemeji alikuwa na chupa kubwa ya mbegu dirishani, raia aliowatunza tangu mwezi jana kwa ajili, alisema, ya siku shem wake, yaani mimi, atakapopata wazo. Matumbo ya vifaranga yamejaa, unayaona kwa nje. Waliobaki chupani wanatosha kuanzisha pipa upya. Ndio hao tu. Ufunguo uko shingoni mwa shemeji. Unampendeza, sikatai. Mimi nimepewa brashi: nisugue mapipa yote mawili, nichemshe na chujio. Nimelichemsha. Miezi mitatu, imekwenda na mvuke.

Jumamosi, 7 Machi
Nilikuwa nasugua huku nawaza. Raia wanataka kipimo, wanataka hewa, wanataka usafi, wanataka kubembelezwa. Bakteria hawataki kitu! Siku moja tu wamejaza pipa. Sasa mfugo bora ni upi? Kwa hiyo kabla ya brashi kufika sehemu ya mwisho nilikwangua utelezi kidogo, nikautia kwenye chupa pamoja na vijiko vinne vya hamira. Nimeiweka dirishani penye jua zuri, ubavuni mwa ile ya shemeji. Zinafanana kama pacha. Sikuandika jina. Nitaikumbuka.

Nimeikoroga vizuri. Na ya shemeji pia, kwa kijiko kilekile. Ujirani mwema.