Masharti ya Mwinyijuma Nimeyashika Yote

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kliniki ya presha na sukari. Yangu 178 kwa 104. Nesi Leticia akaniketisha benchi, akanieleza masharti kwa utulivu, nami nikaitikia kila moja. Nilipofika nyumbani Nguvumali, mke wangu Beatrisi akataka kujua nimeambiwa nini. Nikamjibu: nipumzike, nisiudhiwe, na vidonge nimeze kichwa kikiuma. Mengine yamenitoka, sijui yamekwenda wapi. Ajabu, jirani yangu Mwinyijuma, mgonjwa wa sukari, alipewa masharti yake benchi hilohilo. Yake nimeyashika yote tisa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimempelekea Mwamvua, mke wa Mwinyijuma, masharti ya mumewe. Kwa nia njema. Kwamba ananifunga kwenye mchezo wa bao kila siku hakuhusiani kabisa. Halua yake imefungiwa kabatini! Moyo wangu mweupe.
Jioni Mwinyijuma akaja kumjulia hali Beatrisi. Akamweleza eti nesi amenikataza ng'onda, samaki wakavu wa chumvi. Beatrisi akawatupia paka wa mtaa ng'onda wangu wote. Mimi sikusikia ng'onda akitajwa. Mzushi mkubwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimebuni mpango. Nimemwendea Mwinyijuma na pendekezo: kila mtu asahau masharti ya mwenzake. Akakubali, tukapeana mikono, tukaketi kwenye bao. Nilikuwa nakaribia kumfunga (shahidi sina) mara kete zikaanza kuzunguka, ulimi ukawa mzito. Akaniuliza kama nimemeza dawa. Nikasema kichwa hakijauma. Akasema nesi alisisitiza kila siku, hata nikijiona mzima. Akanipandisha bodaboda, yeye nyuma amenikumbatia. Presha 210. Daktari akasema tungechelewa kidogo ningepooza. Mwinyijuma hakuondoka mpaka Beatrisi alipofika, na chakula cha mchana hakula. Nimelia, wala sioni haya. Mungu amlipe mtu yule.

Jumatatu, 11 Agosti
Kliniki tena, pamoja na Mwinyijuma. 146! Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru nesi, nimemshukuru Mwinyijuma hadi akaniomba ninyamaze. Nesi akatueleza upya, kila mmoja yake. Safari hii nilitega masikio kwelikweli, maana jirani kama huyu lazima alindwe. Nimemnunulia daftari na kumwandikia masharti yake, sasa kumi na moja, bila kuacha hata nukta. Beatrisi kaniuliza mimi nimeambiwa nini. Nimemjibu naendelea vizuri.
Mwinyijuma anarudi kliniki tarehe 8 Septemba, saa mbili asubuhi. Tarehe yangu sikuisikia. Nitamuuliza yeye.